Pointi Moja kwa Watu Watatu

Siku ya nne ya staje yetu, mwanamke mmoja kijana aliondoka kwenye dispanseri akiwa na vifurushi vitatu vya kinini, dawa ya malaria, katika pindo la kitenge chake. Kimoja nilimpa mimi. Kimoja alipewa na mwenzangu wa laboratwari. Kimoja alipewa na dada wa materniti. Alimshukuru kila mmoja wetu peke yake, kwa adabu, akainama kidogo, akaenda zake.

Staje ni ule muda ambao shule inakutuma kwa wagonjwa ili ijue kama yale uliyoandika kwenye kaye, daftari la darasani, yameingia pia kichwani. Sisi watatu tulitumwa pamoja kwenye dispanseri ndogo ya matofali katika bonde la Ruzizi, kati ya mashamba ya pamba na mihogo, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Runingu. Ilikuwa baada ya uhuru. Waganga Wabelgiji walikuwa wameondoka haraka, wengine hata bila kufunga makabati, na mji wa Uvira, ilipokuwa shule yetu, ulikuwa unatafuta watu wa kushika sindano. Ndiyo maana hata mimi nilichukuliwa. Nilikuwa nimemaliza shule ya msingi tu, na shule ya waganga ilifungulia watu kama mimi mwaka ule mmoja, kisha ikafunga mlango. Wenzangu walikuwa wameongeza miaka miwili ya sekondari, na mmoja wao hakuchoka kuitaja.

Huyo alikuwa mtu wa mikroskopu. Nilimwita Yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu, kwa sababu alinizidi umri na pia kwa sababu viatu vyake vilitaka heshima. Alivipangusa kila asubuhi kwa kitambaa kilekile alichopangusia vioo vya damu, jambo ambalo analikana hadi leo. Nywele zake alizigawa kwa kitana, njia nyembamba upande wa kushoto, iliyonyooka kuliko barabara yoyote ya bondeni.

Wa pili alikuwa msichana anayejifunza kuzalisha. Alizaliwa ukingoni mwa ziwa, kusini mwa mji, na alisema haraka na kwa sauti, kama mtu anayemwita mwenzake aliye kwenye mtumbwi wa mbali. Nilimwita Dada. Kumwita ndiyo ilikuwa sehemu rahisi. Kumtazama usoni kulinichukua majuma matatu.

Mimi nilijifunza kazi ya kuangalia wagonjwa: kufunga vidonda, kupima homa, kuchoma sindano, kumgeuza mtu kitandani. Kusema mbele ya watu haikuwa kwenye masomo yangu.

Aliyetufundisha alikuwa mzee mmoja aliyefanya kazi na Wabelgiji tangu ujana wake, akabaki na ufunguo wa kabati walipoondoka. Tulimwita Monitere. Hakupiga kelele. Alikuwa na neno moja la Kifaransa, "bon", na kwa neno hilo aliweza kukusifu, kukukemea, au kukufukuza.

Mchana wa siku ile ya nne alipanga mbele yake madaftari yetu matatu, maana kila mmoja alikuja na daftari la kazi yake. Alisoma kwa kidole.

"Bon. Mu buku ya kwanza iko mama mumoja, anaumwa kichwa na homa. Mu buku ya pili iko mama mumoja, damu yake iko na malaria. Mu buku ya tatu iko mama mumoja, mimba ya miezi mitano, hana shida, amepewa kinini ya kukinga tu." Alivua miwani. "Hawa bamama batatu banatoka kijiji kimoja?"

Tuliinama juu ya madaftari.

"Na bote batatu banavaa kitenge kimoja cha manjano?"

Hapo ndipo tulipoanza kuelewa. Yule mwanamke alimpa kila mmoja wetu kile alichoona kinamfaa. Mimi ni kijana wa kiume, basi aliniambia kichwa tu. Mimba hakunitajia, nami sikumwuliza, kwa sababu kumwuliza mwanamke jambo lile kungenifanya nitokee dirishani. Dada alimwuliza habari za mimba, naye hakumwambia homa, kwa kuwa homa alikwisha kuniachia mimi. Yaya hakumwuliza kitu. Alitaka kidole, akapewa kidole. Kisha kila mmoja akafungua kabati na kufanya kazi yake vizuri sana.

"Akimeza yote?" Dada aliuliza, na safari hii alisema polepole.

Monitere alikuwa amekwisha kuvaa kofia.

Tulikwenda wote wanne kwa miguu, karibu kukimbia, Yaya akiruka mitaro ili kuokoa viatu. Tulimkuta mama mkwe wa yule mwanamke uani, anatwanga mihogo mikavu. Alifurahi kutuona.

"Ee, baganga! Mumeleta cha ine?"

"Mama, dawa iko wapi?" Monitere aliuliza.

"Nimeigawanya. Moja ya mukwe wangu, iko ndani amelala, amemeza kidogo. Moja ya muzee wangu, anaumwa mugongo. Moja nimeficha, ya wakati wa mavuno."

"Lakini mama, zote zilikuwa za muntu mumoja."

"Tatu za muntu mumoja?" Alicheka na kuweka mchi chini. "Zamani wazungu walikuwa banatoa moja, na matusi juu yake. Leo mutoto wangu anarudi na tatu, na kila moja na munganga wake. Nikasema, kumbe uhuru ndiyo hii!"

Yaya alianza kumweleza habari za kipimo na uzito wa mwili. Dada alikuwa amejifunika mdomo kwa ukosi wa blauzi, na mabega yake yalikuwa yanaruka. Monitere aliomba vifurushi viwili virudishwe. Mama alivitoa, kimoja kutoka chungu na kingine kutoka chini ya mkeka wa mzee, na uso wake ulionyesha kwamba tumemwibia.

"Uhuru wenyewe bado mutoto," alisema, "na munaanza kuurudisha."

Njia nzima ya kurudi Monitere hakusema hata "bon".

Asubuhi iliyofuata madaftari mawili yalikuwa yamefungiwa kabatini. Juu ya meza palikuwa na moja tu, na biki moja ya wino wa buluu. Tangu leo, alisema, tutakaa watatu kwenye benchi moja, na mgonjwa mbele yetu. Kila mmoja atauliza yake, wengine wasikie. Yote yataandikwa katika daftari moja. Mwandishi atasoma kwa sauti, mgonjwa aitikie kwamba ndivyo. Kabla ya hapo, mtu asiinuke kwenda kabatini.

"Na pointi za mwisho wa staje," alisema, "nitatoa moja. Ya wote watatu. Mukipita, munapita. Mukianguka, munaanguka pamoja."

Yaya alinyosha mkono kuchukua biki. Monitere aliipitisha mbele yake, akanipa mimi.

"Monitere, samahani," Yaya alisema. "Huyu anaandika polepole sana."

"Najua."

Ni kweli, naandika polepole. Katika shule yangu ya msingi tulijifunzia kwenye vibao vya mawe, na mwalimu wetu alipita nyuma yetu na rula. Herufi ikivuka mstari, vidole vinalipa. Sasa mimi ni mtu mzima kidogo, na mkono wangu bado unasikiliza kama kuna mtu nyuma. Herufi zangu ni nzuri. Zinafika tu zikiwa zimechelewa.

Wenzangu hawakuniacha. "Weye unaandika ao unalima?" Dada aliuliza siku ya kwanza. Siku ya pili Yaya alisema mgonjwa ameletwa na homa ya malaria, lakini nikiweka nukta itakuwa homa ya uzee. Siku ya tatu mzee mmoja wa kutoka Kiringye, aliyekuja kwa ajili ya kikohozi, aliegemea mezani kuangalia mkono wangu, akaniambia kwa huruma, "Usiogope, mutoto. Minye sina haraka."

Ni mzee huyohuyo aliyetufundisha jambo ambalo Monitere hakutuambia. Nilipokuwa naandika neno "kikohozi", kimya kilikuwa kirefu, na kimya kikiwa kirefu watu hutafuta kitu cha kukijaza. Mzee alisema mke wake pia anakohoa. Nikaanza kuandika hilo. Akasema na mjukuu. Nikaandika. Akasema mjukuu anatema damu, lakini hawakutaka kumleta, wanasema ni mambo ya ukoo. Dada aliinua kichwa. Yaya aliacha kupangusa kioo. Mtoto aliletwa siku ya pili yake.

Lakini foleni ilikuwa ndefu. Akina mama wana mashamba. Wengine walikaa mpaka jua likapita kichwani, wakaondoka na magonjwa yao. Yaya alikuwa ameambiwa kwamba akipata pointi za juu atawekwa kwenye mikroskopu kubwa ya hospitali, mjini, na kila mama aliyeondoka alimwona kama pointi inayoshuka njiani kuelekea Katogota.

Mwisho wa mwezi wa pili wa staje alimfuata Monitere. Hakunisengenya. Aliniita niwepo.

"Monitere, si chuki. Huyu ni mudogo wangu. Lakini atatuangusha. Afazali arudi Uvira, sisi wawili tumalize."

Kurudi Uvira kabla ya mwisho wa staje ni kuanguka, kwa jina lingine. Wao wakianguka wangeweza kurudia mwaka. Mimi, mlango niliopitia ulikuwa umefungwa nyuma yangu. Nilijua hivyo, na Yaya alijua. Ndiyo maana alikuwa anatazama kofia ya Monitere na si mimi.

"Bon," Monitere alisema. "Andikeni mu buku. Ombi, na sababu, na sahihi tatu. Mwandishi ni yeye."

"Yeye? Aandike kufukuzwa kwake?"

"Biki iko moja."

"Na sahihi tatu... na yeye anasaini?"

"Kundi ni la watatu."

Mtu mwingine angelia au angegomba. Mimi nilisema, "Ndiyo, Monitere," nikaenda kutafuta biki.

Siku zile kulikuwa na habari nyingine njiani. Waasi walikuwa wameteremka bondeni. Malori ya pamba yaliacha kupita. Watu waliokuwa na biki mfukoni mwa shati walianza kuziacha nyumbani, maana ilisemekana wapiganaji wanawatafuta watu wa ofisi, na mtu wa ofisi anajulikana kwa biki na kwa viatu. Yaya hakuamini, ila aliacha kupangusa viatu. Kwa siku nzima tungeona mgonjwa mmoja au wawili. Kwa hiyo, asubuhi iliyofuata, Monitere alipokwenda Runingu kusikiliza kinachosemwa, tulikuwa na nafasi ya kutosha kuandika ombi.

Tulikaa kwenye benchi kama kawaida. Mbele yetu, mahali pa mgonjwa, hapakuwa na mtu.

"Andika," Yaya alisema. "Sisi wanastaje watatu tunaomba mwenzetu mwandishi arudishwe Uvira."

Niliandika. Alingoja. Alikohoa. Aliangalia paa.

"Sababu ya kwanza: anaandika polepole."

Niliandika na hiyo. Ilichukua muda, kama unavyoweza kufikiri.

"Sababu ya pili: bagonjwa banaondoka."

"Weka na ile ya mutoto wa juzi," Dada alisema.

"Mutoto gani?"

"Yule ulisema damu yake iko safi. Ukataka kuosha kioo. Huyu alikuwa bado hajamaliza kuandika jina la mama yake. Ukarudia kuangalia, juu ya kukosa kazi ingine. Ukaona vidudu." Alinigeukia. "Andika hiyo."

"Hiyo haiko sababu ya kumufukuza!"

"Monitere alisema kila muntu aseme yake. Hiyo ni yangu. Andika, mudogo."

Nilikuwa kati yao wawili. Niliandika ya Dada chini ya ya Yaya, herufi za ukubwa uleule, kwa mwendo uleule. Sikuinua macho. Nilifikiri kwamba nikifika chini ya ukurasa nitakuwa sina kazi, na mkono wangu, ambao siku zote ni mpole, ukazidi upole.

Ndipo tuliposikia watu uani.

Walikuwa wapiganaji wanne, vijana, wenye majani vichwani. Mmoja alikuwa na bunduki, wengine mikuki. Wa nne hakubeba kitu. Alikuwa amejifunga blanketi na anatetemeka. Kiongozi, mwenye bunduki, alisimama mlangoni.

"Muntu asituguse!" alisema kabla ya salamu. "Tumepata dawa ya maji. Asiyepata dawa asituguse. Na mwanamuke asikaribie kabisa, dawa itakufa."

Hilo tulikuwa tumelisikia. Walinyunyiziwa maji ya dawa ili risasi isiwaingie, na dawa ile ilikuwa na masharti mengi. Dada aliinuka taratibu, akatokea mlango wa nyuma.

"Munganga ni nani hapa?"

Kwa kawaida Yaya ndiye anayejibu kwanza. Alikuwa anaangalia viatu vyake, na nadhani kwa mara ya kwanza maishani mwake alitamani viwe vichafu zaidi. Mimi nilikuwa na biki mkononi. Kuificha ilikuwa imechelewa.

"Munganga hapa ni benchi!" Sauti ya Dada ilitoka nyuma ya ukuta, dirishani. "Benchi muzima! Mugonjwa akae mbele yake."

Kiongozi aliangalia dirisha, akaangalia wenzake. "Ni mwanamuke anasema?"

"Sauti haigusi," Yaya alisema, kwa sauti ndogo.

Kiongozi alifikiri. Unaweza kuona kwamba masharti yake hayakuwa na jibu la swali hilo. "Sawa," alisema mwishowe. "Aseme. Lakini asichungulie."

Mgonjwa alikaa. Alikuwa wa umri wangu. Tulikuwa waganga watatu wasioweza kumgusa: mimi sikuweza kushika kipaji chake, Yaya hakuweza kuchoma kidole chake, na Dada alikuwa ukutani kama mjusi. Kilichobaki ni kuuliza. Dada aliuliza amekula lini, amekojoa lini, mkojo una rangi gani. Yaya alisogeza sindano mezani kwa ncha ya penseli, akamweleza jinsi ya kujichoma mwenyewe na kuweka tone juu ya kioo. Kijana aliishika sindano, akafumba macho, akayafumbua, akarudia. Wenzake walianza kucheka.

"Risasi inageuka maji," Dada alisema nyuma ya ukuta, "na sindano haigeuki?"

Yaya alifumba macho kama mgonjwa. Kisha kiongozi alicheka, akapiga goti lake kwa kofi, na wengine wakapata ruhusa. Kijana alijichoma kwa hasira, tone likatoka.

Mimi nilikuwa naandika. Ukurasa ulikuwa uleule, maana daftari lilikuwa moja. Nilipiga mstari chini ya ombi la kunifukuza, nikaanza habari za mgonjwa. Kiongozi alikuja juu ya bega langu, bila kunigusa.

"Unaandika nini? Majina?"

Ni nadra mimi kumjibu mtu mgeni. Nilisikia sauti yangu ikitoka. "Hapana, baba. Naandika vile anasema. Nitamusomea. Kama nimeandika vibaya, atakataa."

Hakuondoka. Alisimama hapo, naye hakujua kusoma, akafuata mkono wangu. Yaya alikuwa ameangalia kioo chake. Homa, kutetemeka, malaria ya bondeni: alikwisha kujua. Aliinuka kwenda kabatini, kinyume cha sheria ya Monitere, na sikumlaumu, maana bunduki ilikuwa karibu na meza na sisi sote tulitaka waondoke. Alikuwa na vidonge kiganjani. Mimi nilikuwa kwenye neno "anatetemeka", ambalo ni refu.

Kimya kikamshinda mgonjwa.

"Na masikio," alisema. "Masikio yanalia. Kama nyenje. Tangu jana."

Yaya alisimama.

"Tangu jana saa ngapi?" Dada aliuliza.

"Tangu nilimeza zile za duka."

"Za duka gani? Ngapi?"

Kijana aliangalia kiongozi wake. Kiongozi aliangalia nje. Walikuwa wamevunja duka njiani, na humo walikuta kopo la vidonge vyeupe. Alimeza kiganja kizima asubuhi na kingine jioni, ili apone haraka kuliko wenzake.

"Vilikuwa vichungu?" Yaya aliuliza.

"Sana."

Yaya aliangalia vidonge vilivyokuwa mkononi mwake. Alirudi akakaa kwenye benchi, akavifunika kwa mkono wa pili. Kinini ikizidi, kwanza masikio yanalia, kisha macho, kisha moyo. Tulifundishwa hivyo sote watatu, kila mmoja katika darasa lake.

"Hatumupe dawa," alisema. "Leo hapana. Maji, uji, na kulala."

"Munamunyima?" Kiongozi alishika bunduki vizuri. "Kabati imejaa, na munamunyima?"

Yaya alifungua mdomo, na nikaona kwamba ataanza habari za kipimo na uzito wa mwili. Basi nilisimama na daftari, nikasoma. Nilisoma kama tulivyowasomea wengine wote, neno kwa neno: amesema anatetemeka, amesema hakula, amesema masikio yanalia tangu ameze viganja viwili vya vidonge vichungu. Nilimwuliza kijana kama ndivyo. Aliitikia. Kiongozi alimwuliza yeye mwenyewe, kwa ukali, "Ulisema hivi?" Akaitikia tena. Maneno yalikuwa yake, si yetu. Kiongozi hakupata wa kumgombeza.

Kijana alilala kwenye mkeka wetu mpaka jua likageuka. Dada alipika uji wa muhogo nyuma ya nyumba, akauweka juu ya jiwe, akarudi nyuma hatua kumi ili waje kuuchukua. Walipoondoka, kijana alikuwa anatembea mwenyewe. Walituachia kuku, ambaye tulimjua: alikuwa wa yule mama mkwe wa vifurushi vitatu. Dada alimrudisha kabla ya giza, na mama alimwambia kwamba serikali zinabadilika lakini baganga ni walewale, wanarudisha tu.

Monitere alifika jioni, vumbi mpaka magotini. Tulimweleza, wote kwa pamoja, mpaka akanyosha mkono na kuomba daftari. Alisoma ukurasa kutoka juu.

"Ombi halijamalizika," alisema.

Aligeuza daftari kutuelekea.

"Munataka limalizike?"

Yaya aliniashiria nikae. Nilichukua biki. "Andika," alisema. "Ombi linaondolewa."

Niliandika.

"Sababu?" Monitere aliuliza.

Niliinua biki, nikangoja. Safari hii mimi ndiye niliyekuwa namngoja yeye, na ilikuwa ndefu.

"Sababu," alisema, "ningalimupa kinini."

Niliandika neno kwa neno. Alisaini, Dada akasaini, nami nikasaini wa mwisho, na Dada akasema kwamba sahihi yangu peke yake imechukua muda wa kuchemsha maharagi.

Barabara ilifungwa. Aliyepaswa kuja kutoka mjini kutupima hakuja, na staje yetu ilizidi ile miezi iliyopangwa, kwa kuwa hapakuwa na pa kwenda. Monitere alitoa pointi mwenyewe, chini ya ukurasa uleule: kumi na nne juu ya makumi mawili. Yaya aliuliza sita zimekwenda wapi.

"Tatu ni za kuinuka kwenye benchi kabla ya kusoma," Monitere alisema.

"Na tatu zingine?"

"Za kuandika ombi mu buku ya bagonjwa."

"Lakini Monitere, weye ndiyo ulisema tuandike!"

"Bon," Monitere alisema, akavaa kofia.

Vita vilipotulia na shule ikafunguliwa tena, tulikwenda Uvira sisi watatu na daftari limefungwa katika kitambaa. Monitere alibaki na ufunguo wake. Nilikuwa sijui kama watanipokea. Miezi ile yote hakuna aliyekuwa ametupima kwa sheria, na mtu wa shule ya msingi peke yake asiye na karatasi hana wa kumsemea. Mkuu wa shule alikuwa mpya. Alisoma ukurasa wetu mara mbili, akakuna shingo.

"Hapa kuna pointi moja," alisema. "Mimi nina brevet tatu za kujaza, vyeti vya kazi. Sheria inataka kila mtu pointi yake. Nani kati yenu alifanya vizuri kuliko wengine? Semeni, niandike."

Nilitazama sakafu. Nilijua jibu ambalo mtu yeyote mwenye akili angetoa: mwenye sekondari, mwenye mikroskopu. Na yeye akipewa zaidi, wa kupunguziwa ni mimi.

Yaya alikuwa amepangusa viatu vyake asubuhi ile, vikang'aa kama zamani. Alisogea mbele, akanyosha shati.

"Kumi na nne," alisema.

"Weye?"

"Minye. Na huyu dada. Na huyu."

Mkuu alimngoja aendelee. Dada, ambaye hajawahi kuniachia kimya kikae peke yake, safari hii alinyamaza. Kisha mkuu alivuta karatasi ya kwanza, akaandika, akavuta ya pili, akavuta ya tatu. Aliandika haraka sana, herufi mbaya zinazovuka mstari. Jina langu likasomeka kwa shida, lakini lilikuwa langu.